Korongo Aliyewahi Mno

Nedyalka alipima maziwa ya kijiji cha Papurovo kwa miaka mingi kuliko ndoa za watu wengi zinavyodumu, na kazi hiyo ndiyo iliyomharibu. Kila alfajiri watu walipanga foleni na ndoo zao mbele ya kituo cha maziwa, naye akatumbukiza kipimo chake cha kioo ndani ya kila ndoo, akainama, akasoma, kisha akainua macho. Aliyetia maji aliumbuka hapo hapo. Alitia maji mwenyekiti wa kijiji, alitia maji mjane wa fundi viatu, alitia maji hata padri Evlogi, ambaye alipoulizwa alijitetea kwamba ng'ombe wake ana tabia ya kunywa sana. Mtu akishaona maji kwenye ndoo ya padri, nani tena atamwamini? Kituo kilipofungwa, kazi ilikwisha, lakini tabia alikwenda nayo nyumbani.

Mtindi wa dukani aliunusa mara mbili kabla ya kulipa. Alijibanza nyuma ya pazia kuhakikisha tarishi anatia barua kwenye sanduku linalostahili. Utabiri wa hali ya hewa kwenye televisheni aliuita hadithi za jioni. Sisi majirani tulimtania kwamba siku atakayokufa atamwomba Mtakatifu Petro kitambulisho kabla hajakubali kuingia peponi.

"Na akiwa hana?" alituuliza. "Mlango mnaujua nyote. Bawabu hakuna anayemjua."

Mtu mmoja tu ndiye ambaye Nedyalka hakuwahi kumpima, naye ni mumewe, Gancho. Huyu alikuwa dereva wa mashine ya kuvunia ngano, jitu la mwili mkubwa na maneno machache, ambaye ujanani aliwinda kisha akaacha bila kumweleza mtu sababu. Bunduki yake ya marisau ilifungiwa kwenye kabati la chuma kwenye ujia wa nyumba, nayo ilitoka humo mara moja tu kila baada ya miaka kadhaa, polisi walipohuisha leseni. Nedyalka alipopoteza kazi akawa anashinda jikoni amenuna, Gancho ndiye aliyemvika darubini shingoni, akampakia nyuma ya pikipiki, akampeleka ziwani.

Huko mwanamke akapata alichokikosa. Ndege ni kama ndoo, alisema, lazima uchunguze. Huyu anajifanya bata wa kawaida kumbe ni mgeni. Yule amejificha kwenye matete, anadhani haonekani. Gancho alikuwa na macho ya ajabu. Kipanga akiwa bado nukta juu ya shamba la ngano, yeye alikwisha kumtaja na kusema kama ni dume au jike. Asubuhi nyingi za maisha yao ya uzeeni walizimaliza hivyo juu ya mnara wa mbao, upande wa magharibi wa ziwa, wakigombania chupa ya chai na kubishana kuhusu mkia wa ndege.

Kisha, majira ya baridi ya mwaka huu, Gancho akaacha.

"Ndege nimewaona vya kutosha," alisema, akikoroga kahawa. "Bata ni bata."

"Tangu lini bata ni bata?"

"Tangu leo."

Nedyalka alimtazama. Gancho alitazama dirisha. Jambo hilo nalo lilikuwa jipya: siku hizi mumewe alizungumza naye huku macho ameyaelekeza kando, begani kwake au ukutani, asimtazame usoni hata mara moja. Foleni ya maziwa ilikuwa imemfundisha kitu kimoja kuhusu watu wanaotazama kando.

Mwishoni mwa Februari milio ya bunduki ikaanza. Ziwa letu ndilo kituo cha mwisho cha mabata bukini wenye kifua chekundu kabla hawajaondoka kurudi kaskazini. Hulala majini usiku, na kukipambazuka huruka kwenda kula ngano changa mashambani. Kuwapiga ni jela, na kila mtu anajua. Hata hivyo mtu aliwapiga, mapema kabisa, wakati ukungu haujapanda. Mlinzi wa hifadhi, kijana anayeitwa Lyuben, alipanda mnarani kuzungumza na Nedyalka akiwa na uso wa mtu asiyelala.

"Ni watu wa mjini, shangazi, wana gari kubwa. Lakini wanaingia kwa kupita tuta la mashariki gizani bila taa. Tuta lile lina mashimo. Mgeni hawezi kulipita peke yake."

"Unasema kuna mwenyeji."

"Nasema kuna mtu wa Papurovo anayewaambia mabata wamelala wapi. Mtu anayelijua ziwa."

Watu wanaolijua ziwa kiasi hicho pale kijijini walikuwa wawili. Mmoja wao alikuwa Nedyalka mwenyewe. Alishuka mnarani akaendesha baiskeli yake hadi nyumbani.

Gancho alikuwa uani kwenye mizinga yake ya nyuki, amekaa tu. Viatu vyake vya mpira vilikuwa mlangoni, vina tope. Udongo wa Papurovo ni mwekundu mwekundu, wa shambani. Tope lile lilikuwa jeusi.

"Ulikwenda wapi?"

"Sijakwenda popote. Nilikuwa na nyuki."

Nedyalka aligusa tope kwa kidole, akalinusa. Lilinuka matete yaliyooza. Mtu aliyetia maji humwachi hivi hivi, lakini pia humkamati kwa ndoo ya kwanza. Unangoja ya pili na ya tatu.

Za pili na za tatu zikaja zenyewe. Pikipiki Gancho alikuwa ameiuza tangu vuli, akasema petroli imepanda. Gazeti, ambalo alilisoma hadi matangazo ya vifo, alilisukuma mezani na kusema ni uongo mtupu. Simu ikilia alitoka nayo uani, akaongea kwa sauti ya chini akiupa mgongo ukuta wa jikoni. Na jirani yao Ruska, mwanamke anayejua kila sufuria ya kijiji inachemsha nini, alimsimamisha Nedyalka mbele ya duka la mikate.

"Mumeo nimemkosea nini mimi?"

"Kwani vipi?"

"Jana kanipita hapa, umbali wa mkono. Namwambia habari za asubuhi, anaitikia kwa kunung'unika, ananipita kama kigingi cha ua. Shoga, mtu hawezi kumnunia Ruska bila sababu. Ana kitu moyoni."

"Gancho hana kitu."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Ruska alisema, akapanga mikate yake kikapuni. "Mimi sisemi lolote. Nasema tu."

Siku ya kwanza ya Machi Nedyalka alisokota nyuzi nyekundu na nyeupe, kama tunavyofanya wote siku hiyo ili Bibi Machi, ajuza anayeleta baridi na jua, asitukasirikie, akamfunga Gancho mkononi. Uzi wake hakuna asiyeutambua, kwa kuwa yeye hutia ushanga mdogo wa buluu, desturi ya kwao mama yake. Uzi huo hauvuliwi ovyo. Unakaa nao mpaka umwone korongo wa kwanza au mti wa kwanza uliochanua, ndipo unaufunga kwenye tawi la mti wa matunda na kuomba unachoomba. Gancho alinyoosha mkono akiangalia kando, na alipofungwa alimpapasa mkewe shavu kwa kiganja kizima, taratibu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda. Mwanamke mwingine angefurahi. Nedyalka alijiuliza anataka kufunika nini.

Wiki moja baadaye, sikukuu ya wanawake, Gancho alimletea maua ya tulipu. Nedyalka aliyapokea, akatafuta chombo, akayapanga, kisha mikono yake ikasita. Yalikuwa manne. Kwetu aliye hai hupewa maua ya witiri. Ya shufwa hupelekewa maiti. Mtoto mdogo anajua. Gancho alikuwa amempelekea maua kwa miaka yote ya ndoa yao bila kukosea hata mara moja.

"Umeyahesabu haya?" alimuuliza.

"Matatu," Gancho alisema, akitazama kabati la vyombo. "Kwani hayakupendezi?"

Nedyalka alitoa ua moja akalitupa jalalani, na usiku huo alilala akiwa amegeukia ukuta. Aliogopa, na hasira ilimpanda kwa sababu ya kuogopa kwake. Ikiwa mtu anaweza kukuletea maua ya kaburini akikwambia ni matatu, basi anaweza kukudanganya kwa lolote.

Halafu upepo ukageuka, na mabata wakahamia upande wa mashariki, na Nedyalka, ambaye hakuwa na desturi ya kufika huko kwa kuwa ni mbali, akapanda baiskeli akazunguka ziwa. Kwenye tuta alikuta manyoya. Alikuta maganda ya risasi, mekundu, bado mapya, na alama za matairi mapana. Alikuta bata bukini mmoja aliyepigwa na asiokotwe, amelala majini pembeni, kile kifua chake chekundu kimelowa. Na hatua chache mbele, kwenye mplamu mwitu ulioota peke yake kando ya tuta, alikuta uzi mwekundu na mweupe umefungwa tawini. Tawi halikuwa na hata ua moja, vichomozo vilikuwa bado vimefumba. Ushanga wa buluu ulikuwa pale.

Akakaa kwenye nyasi zenye maji. Alilia kidogo, kisha akajifuta, akaufungua ule uzi na kuutia mfukoni.

Jioni, wakila supu ya dengu, alimtazama mumewe mkono.

"Uzi wako uko wapi?"

Gancho alisita na kijiko. "Nimeufunga mtini. Nimemwona korongo."

"Wapi?"

"Ziwani."

"Ulisema huendi ziwani."

"Siku moja nilikwenda."

"Korongo gani, Gancho? Mwezi bado mchanga. Korongo haji mpaka mwisho wa Machi. Kiota cha kwenye nguzo ya shule kitupu, cha kwa mwenyekiti kitupu. Mimi niko ziwani kila siku ya Mungu, sijamwona."

"Alikuwa amesimama," Gancho alisema kwa ukaidi. "Mweupe, mkubwa, amesimama majini. Nikasema basi, wasemavyo ukimwona wa kwanza amesimama utakuwa mvivu mwaka mzima, nitakuwa mvivu. Nikavua kofia nikamsalimia."

Alisema hayo kwa utulivu kabisa, akiitazama chumvi. Nedyalka hakuwahi kusikia uongo mbaya kiasi kile hata kwenye foleni ya maziwa. Waongo wa maziwa angalau walijitahidi.

Gancho alipolala, alikwenda kwenye ujia, akachukua ufunguo kwenye msumari, akafungua kabati la chuma. Bunduki haikuwamo. Kilichobaki ni kitambaa chenye mafuta na harufu yake. Alisimama hapo na mkono wake juu ya mlango wa kabati, akajua kwamba sasa ameshapata ndoo zote anazozihitaji.

Lyuben alimsikiliza Jumamosi asubuhi ndani ya kibanda chake cha ulinzi, kati ya jiko la kuni na buti zinazokauka. Hakuandika kitu.

"Shangazi, polisi nitawauliza habari za bunduki Jumatatu, ofisi ikifunguliwa."

"Jumatatu mabata watakuwa wameondoka. Wanajiandaa, huwaoni wanavyopiga kelele?"

"Nakwambia kwa sababu neno hili ukishalisema siwezi kulirudisha mdomoni mwako. Ami Gancho alinifundisha kuogelea."

"Mimi kanifundisha zaidi ya hayo," Nedyalka alisema. "Kama ni yeye, nataka nimwone kwa macho yangu. Kama si yeye, pia nataka kumwona. Siwezi kuendelea kula naye supu namna hii. Kuna siku nitashindwa kujizuia."

Hilo ndilo lililokuwa likimtesa, wala si mabata peke yake. Alikuwa amewashuku watu wote wa dunia akiwa ameegemea mtu mmoja, na sasa mtu huyo alikuwa anatikisika mgongoni kwake.

Jumapili kabla ya jua walilala kifudifudi kwenye matete karibu na ule mplamu, yeye na Lyuben, juu ya turubai. Baridi iliingia kwa mabega. Majini mabata bukini walikuwa wakizungumza kwa sauti zao nyembamba, maelfu yao, na kwenye matete ya mbali ndege mmoja anayevuma kama mtu apulizaye mdomo wa chupa alikuwa ameanza kuita majira mapya. Nedyalka alipumua kwa pua, kwa filimbi ndogo inayomjia kila baridi ikimshika. Lyuben alimwashiria apunguze.

Gancho alikuja kwa miguu. Walimwona kwenye ukungu akitembea katikati ya tuta, pole pole, kitu kirefu begani. Nedyalka aliuma kiganja cha glavu yake. Alipofika karibu alikishusha kile kitu akakitanguliza mbele, akawa anagusagusa ardhi nacho kati ya mashimo.

"Anawaonyesha njia," Lyuben alinong'ona. "Anapima mashimo."

Kisha Gancho akasimama na kugeukia maji. Pale majini palikuwa na kigingi cha nyavu, na mfuko mweupe wa mbolea ulikuwa umenasa juu yake tangu dhoruba za Januari. Gancho alivua kofia yake. Aliinamisha kichwa kwa heshima kuelekea mfuko ule, akaivaa tena kofia.

Lyuben na Nedyalka walitazamana.

"Ishara," Lyuben alisema. "Kuna mtu ng'ambo."

Nedyalka alitaka kuamini ni ishara. Kitu fulani kilianza kumsumbua, lakini hakukipa nafasi. Gancho alikuwa amekaa kwenye jiwe, hatua chache tu kutoka kwao, amefumba macho, na midomo yake ilikuwa ikicheza.

"Anaongea na simu."

Hakuwa na simu. Upepo ulipolegea waliyasikia maneno.

"Kukuziwa," Gancho alisema peke yake. Akatega sikio, ndege mwingine akalia. "Mnandi. Hapana. Hapana, wewe mjinga, mnandi halii hivyo. Ni mwari. Kipozamataza huyo, kule juu ya ngano. Huyu sasa nani?" Akageuza sikio la pili. "Huyu bata. Bata gani? Atakuuliza bata gani, na utamjibu nini?"

Nedyalka hakusikia baridi tena. Lakini Lyuben, ambaye alikuwa na macho ya kazi tu asubuhi ile, alikwisha kusimama, akasogea kando kuelekea upande wa juu wa tuta.

"Ami Gancho. Kaa hapo hapo. Weka hicho kitu chini."

Gancho aliiacha fimbo ikaanguka. Fimbo, ya mti wa mkomamanga wa uani kwao, Nedyalka aliijua hadi fundo. Mzee alisimama na kuinua mikono yote miwili juu, kama walivyofanya watu katika filamu za vita, na badala ya kumgeukia Lyuben aliyemwita aligeukia matete.

"Kitambulisho," Lyuben alisema, sauti imeanza kulegea.

Gancho alishusha mkono mmoja, akatoa kadi kwenye koti, akainyoosha. Aliinyoosha hewani, pembeni kabisa ya mkono uliokuwa ukiisubiri. Lyuben aliutazama ule mkono mkubwa ukingoja mtu wa kuipokea kadi. Akasogea upande mmoja, akaichukua kadi.

"Bunduki iko wapi, ami?"

"Polisi. Niliirudisha vuli. Ukitaka leseni mpya wanakupima macho." Alijaribu kucheka. "Daktari wa mjini ananipigia simu, anasema katikati ya macho pamekwisha. Nimebakiwa na pembeni. Nikikutazama pembeni nakuona kidogo."

Nedyalka alikuwa amesimama. Hakujua amesimama lini. Alikuwa mbele ya mumewe, matete yakimfika kiunoni, skafu yake nyekundu kichwani, na jua lilikuwa limeshapanda likimwangaza uso. Gancho alikuwa amemwelekea. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Alimtazama mkewe kama mtu anavyotazama ukuta.

"Uko peke yako, Lyuben?" Gancho aliuliza.

Kijana alimtazama Nedyalka.

"Niko peke yangu, ami."

Wakati ule ule bunduki ikalia kule kusini, ng'ambo ya ghuba ndogo, mara moja na tena mara moja. Ziwa zima likainuka. Mabata walipanda kwa kelele iliyofunika kila kitu, na chini ya kelele hiyo ilisikika ngurumo ya gari kubwa likijitahidi kwenye tope. Lyuben alitukana, akambwagia Gancho kadi yake kiganjani, akakimbia kwenye tuta akipiga simu. Baadaye tulisikia kwamba walikamatwa watatu, na aliyekuwa akiwapitisha alikuwa mwendesha trekta wa lile shamba kubwa, kijana wa watu ambaye hakuna aliyewahi kumshuku, hata Nedyalka.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Kwa sasa walibaki wawili tu pale tutani. Gancho alichuchumaa akaanza kupapasa nyasi akitafuta fimbo yake. Ilikuwa upande wa kushoto, naye alitafuta kulia.

Kijia cha kurudi kwa baiskeli kilikuwa nyuma ya matete. Nedyalka angeweza kukichukua. Mabata walikuwa bado wanapiga kelele juu, hatua zake zisingesikika, na Lyuben alikwisha kumwekea uongo tayari. Angefika nyumbani kabla, angeweka kahawa jikoni, na Gancho angerudi na viatu vyenye tope jeusi na kusema alikuwa na nyuki, na yeye angeitikia. Mumewe asingejua kamwe ni nani aliyemletea mlinzi. Aliona aibu iliyomchoma hadi masikio, na hapo hapo akaona kwamba aibu hiyo hataweza kuishi nayo peke yake; angeanza kumshuku Gancho kwamba anajua.

Aliokota fimbo, akamtia mkononi.

"Ni mimi, Gancho."

Gancho aliishika fimbo. Hakushtuka. Alisimama taratibu, akapangusa magoti.

"Najua," alisema. "Nimekusikia tangu nilipokaa. Ile filimbi ya pua yako. Nikasema moyoni, hapana, ni mdudu wa kwenye matete. Nedyalka hawezi kunivizia kwenye matete na mlinzi. Nikajikatalia kabisa."

Nedyalka alitaka kusema habari za tope, za tulipu nne, za kabati tupu. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililofaa kusemwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipima," Gancho alisema. "Kila asubuhi ungenionyesha vidole, hivi ni vingapi, hivi ni vingapi. Nilitaka nijifunze masikio kwanza. Nikishaweza, nirudi mnarani, usijue." Alivuta pumzi. "Twende nyumbani."

Nedyalka alimshika mkono. Gancho akauondoa, bila hasira, kama mtu anayeweka kando sahani aliyokwisha kula.

"Leo usinishike. Tangulia wewe, nitakufuata kwa sauti ya viatu vyako."

Akatangulia. Tuta lilikuwa na mashimo, naye alikanyaga kwa nguvu kwenye ardhi nzuri na akasema "shimo" kila alipofika penye shimo, na nyuma yake hakusikia chochote, kwa sababu mabata walikuwa hawajatulia. Shingo ilimwuma kwa kutaka kugeuka ahakikishe anakuja. Alitembea hivyo hadi kijijini, hakugeuka.